Ulanzi, Dawa za Miti na Ubongo wa Mnywaji

Mvua zikishakolea Njombe, kuanzia Desemba au Januari, madumu ya ulanzi hujipanga kando ya barabara kuu inayopita Makambako, jirani na viazi, nyanya na mkaa. Mlanzi ni mwanzi wa kugemwa. Mgema hukata ncha ya chipukizi lingali changa, hutega mbeta, chombo cha kukingia maji yake, kisha hurudi asubuhi na jioni kukata tena kidogo ili maji yasikauke. Maji hayo yakiwa mabichi huitwa mtogwa. Ni matamu, na katika nyumba nyingi hata mtoto hupewa. Yakilala, hamira za asili zikala sukari yake, yanakuwa mkangafu, na mkangafu unalewesha.

Mbeta hiyo moja ina wasimamizi wengi. Mtogwa ukiuzwa kama kinywaji ni chakula, na tangu Julai 2019 usalama wa chakula uko chini ya Shirika la Viwango, TBS. Kabla ya hapo kazi hiyo ilikuwa ya Mamlaka ya Chakula na Dawa, TFDA, ambayo sasa imebaki na dawa na vifaa tiba na kuitwa TMDA. Mganga akichemsha mizizi na kuichanganya humo kwa ajili ya mgonjwa, ameingia kwenye Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya 2002 na Baraza lake. Ukichacha, ni kileo chini ya Sheria ya Vileo ya 1968, na leseni ni shughuli ya halmashauri. Mtu akiupika kwenye mtambo wa mapipa na mabomba ili apate gongo, sheria inayomhusu ni ile ya Moshi ya 1966, na anayefika mlangoni ni polisi.

Kila sheria ilitungwa kwa wakati wake na kwa hofu yake, ilhali mnywaji ana mwili mmoja. Hoja zinazosikika Njombe na Makambako, vilabuni, kwenye zahanati na katika vikao vya kata, ni vema zikasikilizwa kwa pamoja. Hapa zimewekwa meza moja. Wasemaji ni watano na hawana majina, kwa kuwa kila mmoja anasema kwa niaba ya wengi wa kazi yake: mgema, mama mwenye kilabu, bwana afya, muuguzi na mganga wa tiba asili.

"Kamwene," anaanza mgema, mzee aliyerithi milanzi kwa baba yake. "Mimi nimesomesha watoto kwa mwanzi. Hauhitaji mbolea ya ruzuku wala dawa ya kupulizia. Unapanda mara moja, na wajukuu wanagema. Bia ya kiwandani inalewesha, nayo ina nembo na inatangazwa mchana kweupe. Huu wetu, kila msimu anakuja mtu na tangazo la kuufungia. Ndizi za Arusha zimepata kiwanda, pombe yake inawekwa kwenye chupa na inalipa kodi. Mwanzi wa Njombe umekosa nini?"

Anachosema kuhusu Arusha ni kweli. Kampuni ya Banana Investments imekuwa ikitengeneza pombe ya ndizi ya chupa tangu miaka ya 1990. Lakini ulanzi una tabia yake: hauna subira. Zikishapita siku chache, bakteria wa siki huuchukua, na kilichokuwa biashara kinakuwa uchachu wa kumwaga. Ndiyo maana ulanzi umebaki bidhaa ya msimu na ya jirani, unaonywewa karibu na ulipogemwa, na hakuna kipimo kinachousubiri njiani.

Bwana afya anamjibu kwa upole, maana anayezungumza naye ni sawa na baba yake.

"Mzee, shikamoo. Sijaja kuushitaki mwanzi. Ninachokataa ni kuamini kwamba kitu kikitoka shambani kimeshapimwa. Mwaka 1985, wakati wa ukame, watu wa Tarime kule Mara walikula mihogo michungu bila kuiandaa kwa siku za kutosha. Sianidi iliyobaki humo iliwapooza miguu. Ugonjwa huo unaitwa konzo, na aliyepooza kwa konzo haponi. Mwaka 2016 Dodoma na Manyara walikula mahindi yao wenyewe, ya ghala lao, yenye sumukuvu. Wagonjwa walikuwa 68, wakafa 20. Na mahindi yaliyoota ukungu akiyapikia mtu pombe ya komoni, sumukuvu haiishi. Inafika hadi kwenye kopo."

Kisha anawakumbusha zao ambalo wakulima wa nyanda za juu wanalijua vizuri kuliko yeye. Pareto ni ua zuri jeupe. Likikaushwa na kupelekwa kiwandani Mafinga, hutolewa dawa inayoshika neva za mdudu zisiweze kutulia, hadi anakufa kwa mtetemeko. Ua hilo lina bodi yake, lina bei kulingana na kiasi cha sumu kilichomo, na hakuna mkulima anayelalamika kwamba kulipima ni kuudharau utamaduni. "Tumekubali kupima ua kwa ajili ya mbu wa watu wengine," anasema bwana afya. "Kwa nini tusipime kinachoingia vichwani mwetu?"

Hapo ndipo muuguzi anapoomba nafasi. Anafanya kazi katika kituo cha afya, na wengi humwita Sista.

Anaeleza kwamba kileo cha ulanzi, cha bia, cha komoni na cha gongo ni kitu kilekile: ethanoli. Ni molekuli ndogo inayopenya kutoka tumboni hadi kwenye damu, na kutoka kwenye damu hadi kwenye ubongo, ndani ya dakika chache. Ubongo hauulizi imetoka kwenye mwanzi au kwenye kiwanda. Kikiwa humo, kileo hufanya kazi mbili kubwa kwa wakati mmoja. Kinaipa nguvu kemikali iitwayo gaba, ambayo kazi yake ni kutuliza seli za neva, na kinaiziba glutameti, ambayo kazi yake ni kuziamsha na kutunza kumbukumbu. Ndiyo maana ulimi unakuwa mzito, magoti yanalegea, na asubuhi mtu anaulizwa alisema nini jana naye hakumbuki kwa kweli, wala hasingizii. Pamoja na hayo, kileo huchochea dopamini na zile kemikali za mwili zinazofanana na afyuni, ambazo huuambia ubongo: hiki ni kizuri, kirudie.

"Sasa tatizo si jioni moja," Sista anaendelea. "Tatizo ni kurudia kila siku. Ubongo haukubali kusukumwa upande mmoja milele, nao unasukuma upande wa pili. Unapunguza usikivu wake kwa gaba, unaongeza vipokezi vya glutameti. Ni watu wawili wanaosukumana mlangoni: mmoja akiondoka ghafla, aliyebaki anaangukia ndani kwa nguvu zake zote. Pombe ikikatika ghafla kwa mtu aliyezoea sana, ubongo unabaki umeamka kupita kiasi. Saa chache tu anaanza kutetemeka na kutoka jasho. Ndani ya siku mbili anaweza kupata degedege. Siku ya pili au ya tatu wengine wanaona vitu ambavyo havipo, joto linapanda, na wasipotibiwa wanaweza kufa."

Mama mwenye kilabu ananyamaza kidogo. "Sista, yule anayekuja kwangu saa moja asubuhi mikono ikimtetemeka, akisema nimpe nusu lita tu ashike jembe..."

"Ndiyo huyo, mama yangu. Kwake hiyo si starehe tena. Anatuliza mtetemeko."

"Basi nikimnyima namwua, na nikimpa namwua."

Ni sentensi iliyostahili kusikika mbele ya kila baraza la madiwani, kwa sababu inaonyesha mahali ambapo amri ya kufunga kilabu haifiki. Mama wa kilabu si mchuuzi wa sumu. Wengi wa wanawake hawa hulisha nyumba kwa biashara hii, na ndio watu wa kwanza katika mtaa kumwona mgonjwa wa pombe, kabla ya mkewe kukata tamaa na kabla ya zahanati kumjua. Bado hakuna aliyewahi kuwapa maelekezo ya nini wafanye wakimwona, zaidi ya saa za kufungua na kufunga.

Mama ana hoja yake kuhusu marufuku, na anaitoa bila kuinua sauti. Februari 2017 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza mwisho wa pombe kali za vifuko vya plastiki, viroba, na kuanzia tarehe 1 Machi mwaka huo vikaondoka madukani. "Viroba viliharibu vijana wetu pale stendi, sibishi. Kijana wa shule alikuwa anavificha mfukoni. Kuviondoa ilikuwa sawa. Lakini aliyekuwa amekwishazoea hakuondoka na kiroba chake. Alikuja kwangu, na wengine walienda kwenye gongo. Mkifunga na kwangu, mnafikiri anaenda kanisani?"

Jirani zetu wa Kenya walijaribu njia nyingine. Kwa miongo mingi chang'aa ilikuwa marufuku, na kwa miongo hiyo ilipikwa gizani. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010, ambayo Wakenya huiita sheria ya Mututho kwa jina la mbunge aliyeipigania, iliiondoa marufuku hiyo na kuitaka chang'aa ifuate viwango, iwe na leseni na iwekwe kwenye chupa ya kioo. Lakini kuandika kiwango si kukisimamia. Mei 2014 makumi ya Wakenya walikufa na wengine wakapofuka katika kaunti kadhaa baada ya kunywa pombe iliyochanganywa na methanoli.

Methanoli inahitaji kuelezwa, maana Makambako ni njia panda. Barabara ya Songea inaachana na ile ya Mbeya hapo, reli ya TAZARA inapita hapo, na malori yanayoelekea Zambia, Malawi na Kongo yanalala hapo. Kitu chochote kinaweza kushushwa. Methanoli haionekani tofauti na ethanoli, wala harufu yake haimshtui mlevi. Ini huishughulikia kwa kimeng'enya kilekile, lakini badala ya kupata kitu kinachoweza kuunguzwa na mwili, hupata asidi fomiki, ambayo huua neva ya macho kisha mtu mwenyewe. Ulanzi uliochacha wenyewe hauleti janga hilo. Huletwa na mtu anayetafuta nguvu ya haraka, akaongeza spiriti ya viwandani. Kwa hiyo mgema anapodai kwamba mwanzi wake hauna hatia, katika hili ana haki. Na bwana afya anapodai kuingia kilabuni kuchukua sampuli, anamlinda mgema huyohuyo.

Mganga wa tiba asili amekuwa akisikiliza tu. Kwenye nguzo za umeme za miji yetu mingi, vibao vya wenzake vimebandikwa vikiwa na namba za simu, na dawa ya kuacha pombe haikosi katika orodha.

"Mnaongea kama vile tiba ni ya Sista peke yake," anasema. "Wake za watu wanakuja kwangu, si kwenu. Kwa nini? Kwangu hawachekwi. Nina mizizi inayomfanya mtu achukie harufu ya pombe. Anatapika, anaiacha."

"Anajua amepewa?" anauliza Sista.

"Mara nyingine mke anaitia kwenye mboga."

"Mganga, hapo ndipo tunapogombana. Kwanza, ni mwili wake, na hajaambiwa. Pili, umesikia nilivyoeleza kuhusu ubongo. Mlevi wa miaka kumi ukimkatia pombe Jumatatu bila mtu kumwangalia, Jumatano unaweza kumkuta ameanguka degedege kwenye jiko. Hospitali tunampa diazepam, ambayo inashika kipokezi kilekile cha gaba, tunaipunguza taratibu. Tunampa na vitamini B1, kwa sababu wanywaji wengi wamepungukiwa nayo. Na tunaanza na hiyo kabla ya dripu ya glukosi. Ukikosea mpangilio huo unaweza kumwachia mtu upotevu wa kumbukumbu usiorudi. Na wewe mzizi wako ni gramu ngapi?"

Mganga hakubali kuwekwa pembeni kirahisi, na hapaswi kukubali. Anataja mmea wa Kichina, Artemisia. Mwanasayansi Tu Youyou alisoma maandishi ya kale ya tiba ya Kichina, akapata humo dokezo la namna ya kuitoa dawa yake bila kuuchemsha, na mwaka 1972 kundi lake likapata artemisinini. Tuzo ya Nobel ilimfikia mwaka 2015. Kila Mtanzania aliyemeza dawa mseto ya malaria amemeza matunda ya kazi hiyo. "Kama Wachina wangewafukuza waganga wao," anauliza, "mngetibu malaria na nini?"

Jibu la Sista ni la heshima lakini halirudi nyuma. Wachina hawakuishia kwenye chai ya majani. Walitafuta kilichomo, wakakipima, wakajua kiasi cha kumpa mtoto na cha kumpa mtu mzima. Shirika la Afya Duniani mpaka sasa halishauri kutibu malaria kwa chai ya Artemisia, kwa kuwa kiasi cha dawa hubadilika kikombe hadi kikombe, na dozi pungufu hufundisha vimelea usugu. Mmea ni uleule. Kilichotofautiana ni kipimo.

Tanzania imewahi kuona kikombe kisicho na kipimo kikivuta nchi nzima. Mwaka 2011 mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, alikuwa akigawa dawa ya mti wa mugariga kijijini Samunge, Loliondo, kwa shilingi 500. Foleni za magari zilienea kwa kilomita nyingi, zikiwa na watu kutoka nchi jirani na vigogo wa serikali. Mwasapile, aliyefariki Julai 2021, hakutajirika kwa udanganyifu wa bei. Alisema ameoteshwa na Mungu. Lakini baadhi ya wagonjwa waliacha dawa zao za kupunguza makali ya VVU wakiamini kikombe kimewaponya.

Kwa Njombe hilo si jambo la kupita. Utafiti wa kitaifa wa 2022 hadi 2023 ulikuta asilimia 12.7 ya watu wazima wa mkoa huu wanaishi na VVU, kiwango cha juu kuliko mikoa yote, huku wastani wa nchi ukiwa asilimia 4.4. Hapa sheria ya mmea na sheria ya kileo zinakutana katika kabati la mgonjwa mmoja. Anayelewa husahau dozi. Anayemeza dawa ya kifua kikuu ya isoniazidi huku anakunywa analibebesha ini mzigo maradufu. Na majani yanayoonekana hayana neno yanaweza kulichokoza ini likaitoa dawa ya hospitali mwilini kabla haijafanya kazi. Mwaka 2000 wadhibiti wa dawa wa Marekani walionya kuhusu mmea wa St John's wort, unaonywewa Ulaya kwa huzuni, baada ya kuonekana unashusha kiwango cha dawa ya VVU kwenye damu. Mizizi yetu mingi bado haijachunguzwa kwa jicho hilo.

Bwana afya anataka kila mganga asajiliwe. Mganga anashangaza meza nzima: naye anataka.

"Mwanzoni mwa 2019 watoto walitekwa na kuuawa hapa Njombe, na mauaji yakahusishwa na imani za kishirikina. Sote tulilia. Baada ya hapo kila mwenye kibuyu alitazamwa kama muuaji. Mimi natibu tumbo na mifupa, sipigi ramli chonganishi. Orodha ikiwepo, na ikiwekwa wazi ofisi ya kata, mtu ataweza kunitofautisha na mhalifu. Ninachogomea ni kuja kuandikwa jina, nikalipa ada, halafu hakuna anayerudi kuniambia mzizi wangu umekutwa na nini."

Malalamiko hayo ni ya haki. Usajili usiorudisha majibu hufanana na ushuru. Mganga akitoa sampuli kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, mwenye ofisi ya kanda Mbeya, anastahili karatasi inayosema kilichomo na kisichomo, kwa Kiswahili, kwa gharama anayoweza kuibeba.

Mgema naye ana swali lililombana. "Mtogwa je? Mtogwa hauna pombe. Mama zetu walitulea nao."

Sista anakataa hapo kwa uthabiti zaidi kuliko mahali pengine popote. Hamira hazisubiri mbeta ishuke. Uchachu huanza pale pale ncha ilipokatwa. Mtogwa wa asubuhi una kileo kidogo, wa jioni una zaidi, na hakuna mama anayeweza kukipima kwa ulimi kwa sababu sukari inakificha. Ubongo wa mtoto ungali unajengwa. Wa mimba ndio hauna kinga kabisa: kileo hupita kwenye kondo, na ini la kichanga tumboni haliwezi kukivunja kama la mama. Mtoto anaweza kuzaliwa na ugumu wa kujifunza na kutulia ambao hautaisha akikua, na hakuna kiasi kilichothibitishwa kuwa salama kwa mjamzito. Anaongeza takwimu inayoumiza kwa mkoa unaolisha miji kwa mahindi, viazi na parachichi: utafiti wa 2022 uliona karibu nusu ya watoto wa Njombe wa chini ya miaka mitano wamedumaa, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 30. Udumavu una sababu nyingi, lishe ya aina moja na mzigo wa kazi wa mama zikiwemo, na si haki kuutupia ulanzi peke yake. Lakini msimu wa mbeta kujaa ndio msimu wa palizi, mtoto anapoachwa na dada yake mdogo, na mtogwa unapatikana kirahisi kuliko maziwa.

"Sikulijua hilo la kwenye ncha," anasema mgema.

Wanaobishana juu ya asili na kisasa hupotea njia hapa, na sheria zenyewe zimesaidia kuwapoteza. Mirungi ni mfano. Huko Meru, nchini Kenya, ni zao la kilimo linalosomesha watoto; upande wetu wa mpaka, Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya inaifyeka milimani Same. Uingereza iliiruhusu hadi Juni 2014, kisha ikaipiga marufuku. Kemikali iliyomo, inayochochea dopamini, haikubadilika siku hiyo ya Juni. Kilichobadilika ni karatasi. Sheria inayofuata jina la mmea, mpaka wa nchi au heshima ya kiwanda itaendelea kuwa kali mahali pasipo na hatari na kulala mahali penye hatari. Inayofaa kufuatwa ni kiasi kilichomo, nani anakunywa, na nini kingine kiko mwilini mwake.

Kwa ulanzi, kipimo hakihitaji kiwanda. Nguvu yake inategemea muda tangu ulipogemwa na joto la mahali ulipohifadhiwa. Mama wa kilabu mwenyewe anakiri kwamba anauza kwa lita bila kujua lita ya leo inazidi ya jana kwa kiasi gani. TBS na ofisi ya Mkemia Mkuu zina kanda Mbeya, safari ya saa chache kutoka Makambako. Sampuli zikichukuliwa za saa sita, za siku moja, za siku mbili na za siku tatu, kwa msimu mmoja, halmashauri itapata jedwali la kubandika ukutani. Baada ya hapo siku na saa ya kugemwa iandikwe kwenye dumu kwa kalamu ya wino mzito. Mgema anaweza kufanya hivyo kesho bila kukopa.

Mgema anaona ni kazi mpya juu ya kazi. Bwana afya anahofia watu watadanganya tarehe. Wote wawili wana sababu, na mjadala huo haujaisha. Hata hivyo, tarehe inayoweza kukaguliwa ni bora kuliko dumu lisilosema lolote, na mgema mwaminifu atakuwa wa kwanza kufaidika, kwa kuwa mnywaji naye atajifunza kuuliza.

Gumu zaidi ni la yule mtu wa saa moja asubuhi. Februari 2011 Tanzania ilifungua kliniki ya methadoni Muhimbili, ikakubali hadharani kwamba aliyenaswa na heroini ana ugonjwa wa ubongo unaotibika, na huduma hiyo ikafika hadi Mbeya. Heroini ni ya wachache. Pombe ni ya kila kata, na Shirika la Afya Duniani linahesabu vifo milioni 2.6 duniani vilivyotokana nayo mwaka 2019 pekee. Anayetetemeka kilabuni Makambako anastahili mlango kama huo, wenye diazepam, B1, kitanda cha siku chache na mtu wa kumsikiliza, na mganga na mama wa kilabu wajue namna ya kumfikisha hapo bila kumfichia dawa kwenye mboga. Kumwekea mgambo na kumwaga madumu barabarani mbele ya kamera hakujawahi kumtibu mtu hata mmoja.

Waheshimiwa madiwani wa Njombe na Makambako hujadili makisio ya bajeti mwanzoni mwa mwaka, mbeta zikiwa zimejaa. Watenge fedha ya sampuli za ulanzi na komoni. Waziulize zahanati zao kama zina sindano za vitamini B1. Wawaite akina mama wa vilabu na waganga waliosajiliwa kwenye kikao hichohicho, wakae meza moja na wauguzi, na majibu ya maabara yasomwe kwa sauti kila mmoja akisikia. Na wewe mzazi unayesoma haya, usisubiri kikao: mtogwa usimpe mtoto, wala usinywe ukiwa mjamzito.